Mimi ni Watu Elfu Nne

Binti wa madaftari alinikuta uani nafua. Nikamwahi: kama anauza dini, nimeshanunua, kama anauza sabuni, aangalie kwanza povu langu. Akacheka. Shingoni alining'iniza kitambulisho chenye picha yake amenuna, na kwapani alibana madaftari membamba ya bluu. Akasema katumwa na kampuni inayohesabu wasikilizaji wa redio, na nyumba yetu imeangukiwa na bahati.

"Bahati yenyewe inaliwa?"

"Hailiwi, bibi, unaandika tu. Wiki nzima, kila ukiwasha redio unaandika saa na kipindi. Nyumba ni nyingi, hatuwezi kuzipitia zote. Kwa hiyo wewe mmoja unasimama badala ya watu elfu nne."

Nikaacha kufua. Mimi niliyeishia shule ya msingi, ambaye hata kwenye kikao cha ukoo nikinyoosha mkono wanadhani nafukuza nzi, leo ni watu elfu nne! Nikamwambia asogee pembeni tusije tukamkanyaga.

Ndani, mzee wangu alikuwa kwenye kiti chake kando ya redio. Alikuwa fundi cherehani, na enzi zake mdomo ulikwenda kasi kuliko cherehani yenyewe. Kisha kiharusi kikampiga, kikachukua mkono wa kulia na maneno yote. Namwita, kimya. Watoto wanapiga simu, namwekea sikioni, kimya. Mpaka siku moja saa kumi alasiri, mtangazaji wa kipindi cha barua, mama mmoja mwenye sauti nzito ya kukwaruza, akasema kama kawaida yake, "Haya wenzangu, mmeshindaje?" Nyuma yangu nikasikia, "Salama." Sahani ikaniponyoka.

Tangu hapo akawa anamjibu kila siku. Akisoma barua ya mwanamke aliyeachwa, mzee anasema, "Pole." Akisoma ya kijana aliyenywa karo, anasema, "Mjinga." Maneno matano, sita kwa siku, na yote ya yule mama. Mimi mkewe nikimuuliza kama chai imekolea sukari, ananitazama tu kama mkaguzi wa tiketi. Wivu nilikuwa nao, sikatai. Lakini mtu wa mazoezi pale hospitali alinikanya: hayo maneno yasikatike, mdomo ukishasahau hautarudi. Basi ikifika saa kumi kasorobo, hata kama sufuria iko jikoni inaungua, mimi niko redioni.

Sasa lile daftari. Ukurasa wa kwanza walitaka umri, wamechora visanduku. Kumi na tano hadi kumi na tisa, ishirini hadi ishirini na tisa, vinakwenda hivyo hivyo. Changu kilikuwa cha mwisho, kimebanwa ukingoni mwa karatasi: "sitini na zaidi." Zaidi ya nini? Kama makombo. Nikatia alama kwenye ishirini hadi ishirini na tisa, nani atanikagua meno? Nikamwambia mzee wangu, "Pongezi, bwana, umeoa kigoli."

Tatizo la uongo ni kwamba ukishauzaa lazima uulee. Huwezi kuwa na msichana wa miaka ishirini na tano halafu anashinda na barua za wajane. Nikampangia maisha. Asubuhi anasikiliza muziki wa vijana, mchana mpira, jioni ule ubishi wa mapenzi. Saa kumi alasiri, siku zote saba, nikamwandikia: "Redio imezimwa. Yuko saluni." Nilicheka mpaka kikohozi kikanipanda. Na wakati naandika hayo redio inaunguruma mbele yangu, yule mama anasoma, na mzee wangu anamjibu.

Binti akaja akachukua daftari, akaniachia shukrani na kipande cha sabuni.

Ikapita miezi mitatu. Jumatatu, saa kumi kamili, badala ya yule mama kukaja ngoma za kupasua spika na kijana anayepiga kelele kama kaibiwa. "Haya haya haya! Alasiri imehama, sasa ni yetu!" Mzee akanigeukia. Nikadhani nimekosea kituo, nikazungusha kitufe kwenda na kurudi. Kesho yake yale yale. Siku ya tatu kijana akatamka kwa furaha kwamba kipindi cha barua kimepumzishwa. Kufika siku ya kumi mzee alikuwa hajatoa hata neno. Niliuona mdomo wake ukifunguka, ukangoja, ukafungika.

Nikamwachia jirani aniangalizie mzee, nikavaa viatu vyangu vya harusini, nikaenda kituoni. Mlinzi aliponiuliza nina miadi na nani, nikamwambia mimi ni mama mzazi wa mkubwa wao. Akanipeleka kwa bwana wa masoko, kijana mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Karibu, bibi. Nikusaidie nini?"

"Nirudishie yule mama wa barua."

Akatabasamu, akaniomba nitazame ukutani. Palikuwa na mchoro wa msichana, mrefu kama mlango, wanja na hereni. Juu yake wameandika: MSIKILIZAJI WETU. Chini: miaka ishirini na tano. Asubuhi muziki. Mchana mpira. Jioni mapenzi. Saa kumi alasiri, saluni.

Nikakaa bila kukaribishwa.

"Huyu ametufungua macho," akasema. "Kila saluni ina redio, bibi. Na sisi saa hiyo tulikuwa tunasoma barua! Wasichana wanazima. Tukaona tuwafuate."

"Baba, huyo hayupo."

"Wapo maelfu."

"Hayupo hata mmoja! Ni mimi. Nimemtunga mimi, nyumbani kwangu, nikiwa na kanga imechanika."

Akacheka kwanza. Nikamwapia, nikamtajia na rangi ya daftari. Akakuna kidevu, na mimi nikaona mlango umefunguka. Kumbe wapi.

"Bibi, nitakwambia ukweli. Hata ungeandika umri wako, isingesaidia. Sitini na zaidi hatuwapeleki kwa wadhamini."

"Kwani sisi hatuogi?"

"Mnaoga. Ila hamhami. Mtu wa umri wako ana sabuni moja miaka arobaini. Mdhamini analipia mtu anayeweza kubadili mawazo."

"Nitahama! Nitajie sabuni yoyote, nahamia leo hii. Na mzee wangu namhamisha, hana ubishi, hasemi."

Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Nikamweleza habari ya mzee wangu, kiharusi na yale maneno sita. Akasikiliza vizuri, macho yakamlegea, hakuwa mtu mbaya. Nikamwomba dakika kumi tu kwa siku. Akasema muda ule umeshauzwa mwaka mzima. Nikaomba basi sauti ya yule mama, chochote walichorekodi. Akasema kilikuwa kipindi cha moja kwa moja, hawakuhifadhi. Yeye mwenyewe? Mkataba umekwisha, alirudi kwao, namba yake haipatikani. Kila nilipogonga alinijibu kwa adabu. Afadhali angenifukuza, ningepata cha kugombania. Mwishowe akanipa fulana ya kipindi kipya. Haipiti hata bega langu moja.

Nilirudi nikamkuta mzee kakaa wima, jirani keshamwashia redio. Nikavuta kigoda, nikamwambia yote: visanduku, kigoli, saluni, mchoro ukutani. Nilitaka anitukane. Tusi lolote ningelipokea kwa mikono miwili. Akanitazama hadi mwisho, kisha akageuza uso taratibu kwenye redio, kule kijana anakopiga kelele za mafuta ya nywele.

Nikanyoosha mkono nizime. Akanikamata kifundo kwa ule mkono wake wa kushoto, kwa nguvu nilizodhani zilishakwisha, na hakuniachia mpaka nilipourudisha mkono mapajani. Hataki izimwe. Anadhani yule mama kachelewa tu.

Nimemweleza mara ngapi sijui, asubuhi, mchana, kwa upole na kwa ukali. Hayamwingii. Kwa hiyo alasiri tunakaa, yeye kaegemeza sikio kwenye spika, mimi nimeshika shavu, mpaka saa kumi na mbili wanapoanza taarifa ya habari.