Kitambaa cha Kufutia Saa

Mama Pacha hakuwa mgonjwa wa kulala, lakini kila asubuhi kitanda kilimshika. Tangu alipoanguka kwenye ngazi na damu ikamganda mguuni, daktari alishikilia neno moja: soksi za kubana zivaliwe kabla miguu haijagusa sakafu. Ukishuka kwanza, mguu unavimba, na soksi haipandi tena. Sasa, soksi zile ni kaidi kuliko mtoto anayekataa kuoga, na vidole vya Mama Pacha havikuwa na nguvu tangu kiganja kilipovunjika siku hiyo hiyo ya ngazi. Basi alilala chali, akaitazama dari, akamngoja mumewe.

Baba Pacha alikuwa fundi saa, mwenye mikono myepesi na subira ya kutosha kwa vitu vinavyobana. Siku walizopatana alikuja mapema, akapiga magoti, akamvisha soksi taratibu huku akimtania kwamba ana miguu ya mchezaji mpira aliyestaafu. Siku walizogombana alikumbuka kwanza kufagia baraza. Akimaliza kufagia, alikumbuka chai. Mama Pacha alikisikia kijiko kikigonga kikombe huko nje, sukari ikiwa imeshayeyuka zamani.

"Baba Pacha, nachelewa kazini!"

"Naja, mke wangu. Kwani nimekimbia?"

Wiki ile kijiko kiligonga kila siku. Ofisi ya maji, alikofanya kazi dirishani, ilikuwa inafungua tawi mji wa pili, na mkuu wake alitaka Mama Pacha akawe msimamizi wa madirisha yote. Chumba cha mfanyakazi kilikuwepo, na mwisho wa wiki angerudi nyumbani. Jibu lilitakiwa Ijumaa. Aliitaka kazi ile kwa roho yake yote. Pacha wenyewe walishaoa na kuhama, na yeye alikuwa amechoka kuitazama foleni ile ile kupitia tundu lile lile la kioo.

Mumewe hakumkataza. Alikuwa mwerevu mno kumkataza. Kila mkewe alipoizungumzia habari ile, alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, kisha akauliza kwa sauti ya huruma:

"Na huko nani atakuvisha?"

Mazungumzo yakafia hapo. Baba Pacha akarudi barazani kwenye meza yake ya saa, akachukua kile kitambaa chake cha rangi ya chungwa, laini na chenye utelezi, kilichoshonwa kama kifuko, akafuta kioo cha saa ambayo mwenyewe hakuja kuichukua tangu hatujui lini. Wateja walikuwa wamekwisha. Wa mwisho aliyesimama pale alitaka kuuliza njia.

Kazini nako hakukuwa na nafuu. Kiti cha dirishani kilikuwa kirefu na miguu ilining'inia, kwa hiyo Mama Pacha alikuwa amejiwekea boksi la karatasi chini ya meza la kukanyagia. Alijifunza asikunje nne. Alijifunza kuinua visigino na kuvishusha, kuinua na kushusha, kama anayeendesha cherehani ya miguu, mpaka mwenzake wa dirisha la pili akawa anamuuliza, "Leo unashona nini, mwenzangu?" Foleni ilipokatika alisimama kutafuta pini ambazo zilikuwa mbele ya macho yake. Lakini foleni haikatiki hovyo. Jumatano ile utepe wa juu wa soksi ulikuwa umejikunja nyuma ya goti, kwa sababu Baba Pacha alimvisha kwa hasira na haraka, na ule mkunjo ukamkaba kama kamba. Vidole vya mguu vikafa ganzi. Nje ya kioo mzee mmoja alikuwa anaapa kwamba mita yake inazunguka hata bomba likiwa kavu. Mama Pacha alimwitikia, akagonga muhuri, huku akijaribu kuunyoosha ule mkunjo kwa vidole visivyoshika. Hakuweza. Alitaka kulia, na hakuwa analilia goti.

"Unaenda huko tawini au huendi?" mwenzake alimnong'oneza.

"Nitaendaje? Hata soksi inanishinda."

Alhamisi ilikuwa siku yake ya kliniki. Siku zote Baba Pacha alimsindikiza, akaingia naye mpaka ndani, akajibu maswali kabla yeye hajafungua kinywa. Safari hii alikuwa amenuna. Alimvisha, akasema mgongo unamuuma, akabaki.

Muuguzi aliutazama mguu, akaubonyeza, akaridhika.

"Leo umekuja mwenyewe, mama. Vizuri. Na kile kifuko chako cha kuvalia, hakijatoboka bado?"

"Kifuko gani?"

"Cha kuvalia soksi. Si nilimpa mzee, siku unatolewa wodini? Wewe ulikuwa bado na plasta mkononi, nikamwonyesha yeye. Akasema plasta ikitoka atakufundisha."

"Hakunipa kifuko chochote."

"Kitambaa fulani hivi, cha chungwa, kinateleza." Muuguzi alitikisa kichwa. "Sasa hapa vimetuishia. Ngoja nikuonyeshe kwa mfuko wa nailoni, ni yale yale."

Kitambaa kile Mama Pacha alikuwa anakifua yeye mwenyewe. Kila Jumamosi alikisuuza kwa maji ya uvuguvugu, akakianika pale pale kwenye kamba karibu na soksi zake, akakikunja na kumrudishia mumewe mezani. Alikuwa akidhani ni mfuko wa miwani.

Muuguzi alimvua soksi, akamvalisha nailoni mguuni, akampa glavu za mpira. "Usitumie vidole, mama. Tumia viganja. Sukuma kama unayepaka mafuta." Soksi ikapita kisigino bila kugoma. Ikapanda. Kisha muuguzi akaivuta nailoni kupitia uwazi wa vidoleni, ikatoka yote. Mama Pacha aliutazama mguu wake kama mguu wa mtu mwingine. Halafu hasira ikampanda, hasira ya miaka miwili ya kutazama dari, ikampanda mpaka masikioni.

Jioni Baba Pacha alipekua meza yake, akapekua droo, akainama chini ya kiti.

"Mama Pacha, hujaona kitambaa changu?"

"Kitaonekana."

Ijumaa asubuhi Mama Pacha alisikia ufagio barazani, akasikia na kijiko. Safari hii hakuita. Alikitoa kifuko chini ya mto, akavaa glavu za jikoni, akapiga moyo konde. Mguu wa kwanza ulimtoa jasho. Wa pili ulikuwa rahisi zaidi. Alilainisha utepe wa juu mpaka usiwe na mkunjo hata mmoja, akashusha miguu sakafuni, akasimama.

Baba Pacha aliingia akiwa ameshajiandaa kupiga magoti. Alimwona mkewe amevaa mpaka viatu. Macho yake yakaenda mlangoni, yakaenda dirishani.

"Nani amekuvisha?"

Mama Pacha alinyoosha mkono wenye kile kitambaa.

Mzee wa watu alikaa kitandani, pale pale mkewe alipokuwa akilala kumngoja. Uso ulimlegea, na mikono yake, ile mikono myepesi, ikakosa pa kukaa.

"Ulivyokuwa unaniita," alisema mwishowe. "Kila asubuhi ulikuwa unaniita. Hakuna mwingine anayeniita."

Mama Pacha alikuwa amejiandaa kwa uongo, kwa ugomvi, hata kwa machozi. Kwa hilo hakuwa amejiandaa. Alihisi huruma ikianza kumshika vidoleni, ikipanda taratibu, kisigino, kifundo, goti. Aliijua hali hiyo. Akajua pia kwamba akikaa chini sasa, hata kidogo tu, haamki tena.

"Nikihamia huko, nitarudi kila Jumamosi," alisema. "Ukiniita kwenye simu, nitaitika."

Alikikunja kifuko, akakitia mkobani pamoja na glavu. Alipofika mlangoni, mumewe alimwita.

"Mama Pacha. Sasa saa nitazifutia nini?"

Hakugeuka. Alikuwa na foleni ya kuwahi, na jibu la kumpa mkuu wake.