Kiganja cha Dorika

"Mama Loyce, hii ni supu au maji ya kunawia?" Laurenti, mpagazi mzee wa stesheni ya Manyoni, alisukuma bakuli. "Kuku mzuri hivi amekufa bure!"

Wachuuzi wakacheka. Dorika, mwenye supu, naye akacheka, akamsogezea chumvi. Lakini aliona. Siku hizi za soko huria kila mwenye sufuria ni mchuuzi, na abiria walikuwa wameanza kukimbilia kwa Rahabu, mchuuzi wa jirani.

Zamani alikuwa akimwaga supu kiganjani na kuilamba, kama wapishi wote. Tangu amzike binti yake Loyce, hakuonja tena. Kiganja hicho ndicho kilichosafisha vidonda vya mtoto, kitupu, bila glavu, mpaka mwisho. Ukimwi ulimchukua Loyce. Mama aliona kama umebaki mkononi mwake, unasubiri abiria. Ndiyo maana alishika mwiko tu, na chumvi akaikadiria kwa macho.

Asubuhi hiyo alichoka na hofu hiyo. Akamwachia Laurenti moto, akaenda hospitali.

"Shikamoo, bibi," alisema nesi Emiliana. "Umemleta mjukuu kupima?"

"Marahaba. Nimejileta mwenyewe. Au sisi wazee hatuna damu?"

Nesi akaona haya, akamtoboa kidole.

Dorika akangoja kwenye benchi katikati ya vijana, akinusa kiganja chake. Vitunguu na moshi. Kama ninao, alijiambia, naacha kupika leo hii. Na nisipopika, nitakula nini?

Akaitwa.

"Huna virusi, bibi."

"Hata mkononi?"

"Hata mkononi. Na hata ungekuwa navyo, supu haiambukizi. Ungepika tu."

Dorika akakigeuza kiganja chake. "Kumbe nimewalisha watu supu chapwa bure!"

Nesi alicheka mpaka akafuta machozi.

Stesheni, Laurenti alikuwa anakohoa moshi. "Ulikuwa wapi?"

"Kupima Ukimwi."

"Kwa umri huo? Nani akuambukize, treni?"

"Kapime na wewe kwanza, ndipo uongee."

Mzee akageuza kofia yake mikononi. "Inauma?"

"Kama mwiba. Inaisha."

Treni ya Dodoma ikapiga honi. Wachuuzi wakanyanyua masinia. Dorika hakuwa na haraka. Alifunua sufuria, akamwaga supu kiganjani, akafumba macho, akailamba yote.

"Laurenti," akasema, mafuta yaking'aa kidevuni, "lete hiyo chumvi."