Mhasibu Yuko Wodini

Pale yadi ya malori walimwita Gia Kubwa, kwa sababu kwenye mlima uliowatoa wenzake jasho, yeye alipanda akiimba. Lori lilikuwa lake, mizigo alijitafutia, bosi hakuwa naye. Kitu kimoja tu kilimshinda: hesabu za kodi za mwaka. Hizo alimwachia mdogo wake, mhasibu, aliyekuwa na mimba kubwa na kichwa chepesi cha namba.

Mwisho wa kuwasilisha hesabu ulikuwa kesho. Mtoto hakujali. Alitangulia wiki mbili.

Gia Kubwa alifika wodini na ovaroli lake, mikono ikinuka dizeli. Alimkuta mdogo wake ameegemea mto, kichanga ubavuni, laptopu mapajani.

"Unafanya nini?"

"Hesabu zako, dada. Nimebakiza mafuta na matengenezo. Nikijikaza..."

"Hujikazi popote. Lete hapa." Akaifunga laptopu na kumpa mama yao, aliyekuwa pembeni akikunja nepi. "Nakwenda kuomba waniongezee muda."

Mama aliacha kukunja. "Ofisi ya kodi? Mwanangu, geti la wale watu mimi nalipita nimeinamisha kichwa, wewe unakwenda kuwapigia hodi! Wataanza kukuchimba."

"Wachimbe, mama. Watakuta tairi na dizeli."

Mdogo mtu alicheka, kisha akashika tumbo. "Usinichekeshe, nina nyuzi za upasuaji! Sikia, dada. Wanakuongezea muda wa kuwasilisha, siyo wa kulipa. Lipa makadirio leo, ya juu kidogo. Na maombi yaingie kabla tarehe haijapita."

Gia Kubwa alilipa kwa simu akiwa koridoni. Ilikuwa akiba ya tairi mpya za nyuma, na ilimuuma, lakini alibonyeza bila kusitasita.

Kwenye ofisi ya kodi aliegesha lori nyuma ya jengo, akapanga foleni. Njiani alikuwa ametunga hotuba nzito: kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wangu. Alipofika dirishani, hotuba yote ikamruka.

"Mhasibu wangu amejifungua alfajiri," akasema.

Karani, mwanamume wa makamo mwenye miwani shingoni, aliinua uso. "Hongereni. Hana msaidizi?"

"Msaidizi wake ndiye huyo aliyezaliwa."

Karani aliangua kicheko mpaka wa dirisha la pili akageuka. Kisha akavaa miwani na kusoma fomu. "Hapa umeweka alama kwenye mwajiriwa. Umeajiriwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi umejiajiri. Alama inakwenda hapa." Akamsogezea kalamu. "Na kwenye sababu, andika hivyo hivyo ulivyosema. Usipambe."

Aliandika bila kupamba. Karani akaangalia malipo, akagonga muhuri, akamwonyesha tarehe mpya. Gia Kubwa alitoka akiwa amenyoosha mgongo, akapiga honi moja ndefu iliyomfanya mlinzi amtolee macho.

Wodini aliwasimulia yote, na mdogo wake akalala palepale kama aliyetuliwa gunia. Mama alikuwa amempakata mjukuu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Hawakukufokea?"

"Hata kidogo."

"Na mtu akiwa na, tuseme, vyumba vyake vya kupangisha... naye wanaweza kumwongezea muda?"

Gia Kubwa alimgeukia. "Mama. Hesabu za vile vyumba hujazipeleka tangu lini?"

"Tangu baba yenu yuko hai."

Jicho moja la mhasibu likafumbuka kitandani.

"Wewe lala," Gia Kubwa akamwambia. Akamgeukia mama na kumfunika mtoto vizuri. "Kesho asubuhi nakupitia. Tutaingia wote, na kuongea nitaongea mimi."

"Unanipitia na lori?"

"Na lori. Vaa viatu vya kupandia."