Siku Arobaini na Mbili za Ruhusa

Kila Alhamisi saa nne asubuhi simu ya fundi majokofu iliita, naye aliacha chochote alichoshika.

"Namba?" iliuliza sauti ya kike.

Aliitaja namba yake ya askari wa akiba.

"Ukiitwa sasa, langoni utafika baada ya muda gani?"

"Saa mbili."

"Umekula?"

"Bado."

"Kula basi."

Simu ikakatwa. Nusu dakika tu. Wiki nzima hakuna mwingine aliyemuuliza kama amekula.

Miaka mitatu nyuma alitia saini ahadi ya utayari: simu isizimwe, na akiitwa awe langoni ndani ya saa sita. Dada yake aliishi mwendo wa siku nzima kwa basi. Kila alipomwalika, fundi alimjibu, "Nikiitwa je?" Mwanzoni dada alimcheka: majenerali hawapati usingizi bila wewe? Kisha akamnunia. Kisha akaacha kualika.

Kwa hiyo tangazo la nafasi za utumishi wa muda wote lilipotoka, alifunga karakana mapema akaenda kambini. Hakutaka cheo. Alitaka bweni lenye watu wanaokoroma, meza yenye kelele, mtu wa kumwambia, hebu sogea.

Ofisini alimkuta koplo wa makamo, miwani yake imeungwa kwa gundi. Aliposema "Namba?" fundi aliitambua sauti. Mezani palikuwa na kadi ya maswali ya simu za Alhamisi. Aliisoma kichwa chini miguu juu: *Ana homa? Amekula? Amelewa?*

Akataja namba.

"Ahaa, Saa Mbili," koplo alisema. "Wewe sina taabu nawe. Wenzako wananiambia wako nyumbani, huku nasikia mbuzi wa wakwe zao." Akatwaa fomu ya maombi, akaijaza jina la fundi. "Imebaki nafasi moja. Ghala la mafuta, mpakani, miaka mitatu."

"Tutakuwa wangapi?"

"Wawili."

"Wawili si haba."

"Mnapokezana. Mmoja akilala, mwenzake yuko lindoni. Mtaachiana funguo na salamu, basi."

Koplo alifungua jalada la fundi, akapitisha kidole, akarudi juu akapitisha tena.

"Na hizi siku zako unamwekea nani?"

"Siku gani?"

"Za ruhusa. Kumi na nne kila mwaka, nazo hazifutwi. Unaniarifu, nakutoa kwenye orodha, unakwenda utakako. Una arobaini na mbili hapa. Imeandikwa ukurasa wa nne."

Yeye alikuwa amesoma ukurasa wa kwanza, na wa mwisho palipokuwa na nafasi ya saini.

"Ulidhani umefungwa?" koplo aliuliza.

"Nilidhani nimeahidi."

Aliomba udhuru, akatoka ofisini akaenda ukumbini kumpigia dada yake.

"Nani amefariki?" dada aliuliza kabla ya salamu.

"Hakuna. Nataka kuja. Jumamosi jioni nitakuwa nimefika."

Akasikia sufuria ikiwekwa chini.

"Wewe? Wamekufukuza?"

"Nina ruhusa."

"Chumba chako nimewapa watoto."

"Nitalala sebuleni."

"Na huyu wa mwisho hakujui, kaka. Anakujua kwa picha."

"Nitajitambulisha."

"Kwa jina au kwa namba?" Dada alicheka kidogo, kicheko kikamfia njiani. "Si kwamba hatukutaki. Tumeshazoea kupanga bila wewe, ndiyo hivyo tu. Njoo. Ila kama utainuka katikati ya chakula, bora ubaki huko huko."

"Sitainuka."

"Haya."

Alisimama kidogo ukumbini, simu bado iko sikioni, ingawa dada alikuwa ameshakata. Alipoingia, koplo alikuwa na kalamu mkononi.

"Nikuandikie zote?"

"Tatu."

"Tatu, kati ya arobaini na mbili?"

"Wasije wakanichoka."

Koplo alimtazama juu ya miwani. Akaandika, akachana karatasi, akampa. Ile fomu ya ghala ilikuwa bado mezani, imejazwa jina peke yake. Hakuiulizia, wala fundi hakuigusa.

"Siku moja ya kwenda," koplo alihesabu, "moja ya kurudi. Unabaki na moja."

"Hiyo hiyo moja," alisema, akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati.