Kidole Kwenye Fundo

Habari hii alinipa mwenyewe mshonaji, jirani yangu, siku ambayo mvua ilitufungia barazani kwake tukikunja nguo za wateja.

Binti yake wa pekee alipata kazi ya uuguzi mji wa mbali, na tangu afike huko usingizi ukampiga chenga. "Mama, ipo siku nitampa mgonjwa dawa ya mwenzake," akalia kwenye simu. "Nitumie mto wangu."

Mto huo wa sufi mama aliushona binti akiwa bado anatambaa. Asichokijua binti ni kwamba tangu aondoke, mama yake ndiye aliyekuwa akiulalia. Akiuwekea sikio, husikia kama watoto wanacheza mbali, nyuma ya nyumba nyingi. Bila huo, ni kukodolea dari macho mpaka kuche.

Akaupeleka ofisi ya mizigo. Mfungaji, msichana mwenye mikono myepesi, akaukandamiza kwa goti mpaka ukashusha pumzi, akauvika karatasi, akapitisha kamba.

"Mama, nisaidie kidole hapo kamba zinapokutana."

Mshonaji akaweka kidole. Fundo likakazwa.

"Haya, toa."

Kidole hakikutoka. Chini yake mzigo ulikuwa unapanda na kushuka taratibu, kama utosi wa mtoto mchanga.

"Mama, unatuma mto au unaaga maiti?" akauliza mwanamume mmoja kwenye foleni.

"Na wewe baba, hiyo haraka umeiazima wapi? Irudishe!"

Watu wakacheka. Mshonaji akainua macho juu ya dirisha, palipoandikwa kwa Kiingereza: DISPATCH.

"Mwanangu, neno lile maana yake nini?" akamuuliza mfungaji.

"Kutuma, mama. Ila si kama unavyomtuma mtoto dukani, ukakaa kungoja chenji. Mzigo unatoka, mkono unabaki. Hata askari wakipelekwa kazini, wanalitumia hilohilo."

"Na kufika, limo humo?"

"Kufika hakumo. Hiyo ni kazi ya dirisha jingine."

Mshonaji akamwona binti yake akilini, waziwazi kabisa, kasimama katikati ya vitanda na sinia la dawa, kope zinamdondoka. Akachomoa kidole. Fundo likalia, *kwii*, likajifunga.

Siku zilizofuata alitembea kama mtu aliye ndani ya maji. Aliziba mifuko yote ya suruali ya seremala, naye seremala akaja kuuliza mikono yake aiweke wapi. Akaambiwa aiache suruali, itafumuliwa.

Mchana mmoja, cherehani ikiwa inakwenda, simu ikaita.

"Mama, mto umefika! Nimeshaulalia hapa. Mbona una unywele mweupe?"

Mshonaji akasimamisha cherehani.

"Mama! Ulikuwa unaulalia wewe?"

"Nilikuwa nautunzia joto, bibie."

Binti akacheka, kicheko kikageuka mwayo. "Na sasa wewe unalalia ni..." Neno halikuisha. Zikabaki pumzi tu, ndefu, zinapanda na kushuka.

Mshonaji hakukata simu. Aliilaza juu ya rundo la nguo za wateja, akaiwekea sikio. Ndani ya pumzi zile, mbali, nyuma ya nyumba nyingi, watoto wakaanza kucheza.

Seremala alibisha hodi, akabisha tena. Akachungulia, akaiona suruali yake iko chini ya shavu la mtu aliyelala fofofo, akajiendea zake kwa ncha za vidole.