Mibangi ya Kwenye Kabati la Otakar

Mibangi ilikataa kuchanua, na Draha hakujua ameikosea nini.

Maana hakuna ambacho hakuifanyia. Kabati la nguo la ukumbini, lile kuukuu ambalo mumewe Otakar alitundikia nguo za kazi tangu walipopewa nyumba yao ghorofa ya tano, alilikomba lote, akang'oa mbao za ndani, akabandika karatasi ya fedha ya jikoni kila upande mpaka macho yakauma kulitazama. Feni aliichomoa kwenye kompyuta mbovu ya mkwe wake. Taa alinunua, sawa, lakini saa ya kuiwasha na kuizima ilikuwa ile ile ya taa za mti wa Krismasi. Nyufa za mlango akazisokomeza kitambaa cheusi cha sketi aliyovaa msibani kwa shangazi yake. Ukimwuliza fundi nani, anakujibu fundi umesimama mbele yake, unamtafuta wapi? Karviná, mji wao wa migodi huko Ucheki, watu hawaiti fundi kwa kitu ambacho wanaweza kukiharibu wenyewe.

Na yote hayo ni kwa ajili ya mikono ya Otakar. Mzee huyo alichimba makaa ya mawe tangu hajaota ndevu vizuri hadi alipostaafu, na ile mashine ya kuchimbia, ya kutetemeka kutwa, imemwachia vidole vilivyokunjamana. Kifungo cha shati kinamshinda. Kijiko cha supu kikifika mdomoni kimebaki nusu. Vidonge vya hospitali vilimchoma tumbo, akavitupa. Kitu kilichokuwa kikimpa nafuu ni kimoja tu, mafuta ya kupaka ya bangi iliyochemshwa na mafuta ya nguruwe, dawa ambayo mabibi wa huko wanaitengeneza kama watu wengine wanavyotengeneza achari. Kopo la mwisho walipewa na jirani yao Jarmila wa chini, naye mwaka huu alisema wazi kuwa yake inamtosha kwa magoti yake tu, kila mtu ajipandie.

Haya, ajipandie. Sheria siku hizi inamruhusu mtu mzima miche mitatu, hamna wa kumgongea mlango. Lakini kibaraza cha Draha kinatazama kaskazini, jua halijawahi kufika pale, wanaofika ni njiwa tu. Ndiyo likaja wazo la kabati.

"Sikiliza nikwambie," Jarmila alimwambia siku ile alipompa mbegu. Jarmila alikuwa mpishi wa kantini mgodini, na mpaka leo anaongea kama anaita foleni. "Ikishakuwa kubwa, inataka nusu ya siku mwanga, nusu ya siku giza. Na nikisema giza, giza! Usichungulie. Usifungue hata kidogo. Ukiiangazia katikati ya giza, inachanganyikiwa, haijui ni majira gani, haikupi ua hata moja."

"Nimesikia."

"Umesikia, au unaitikia tu?"

"Ah, Jarmila, nami nina akili zangu bwana!"

Kwa kuwa umeme wa usiku ni nafuu, Draha alitega taa iwake usiku na kuzima asubuhi. Mchana kutwa kabati lilifungwa ndi, giza tororo. Miche mitatu ikapanda juu, ikanenepa, mpaka akawa anaisalimu. Vikatokea vinywele vyeupe, dalili kwamba maua yako njiani, akashuka mbio kumringia Jarmila.

Halafu vinywele vikanyauka. Pale palipotaka kutoka ua likatoka jani, tena jani la ajabu, la kidole kimoja, limejikunja. Baada ya siku chache vinywele vikarudi, kisha vikapotea tena. Draha akashika tama. Alibadilisha maji. Akabadilisha udongo, akidhani ule wa dukani umechachuka. Akapunguza feni, akaongeza feni. Akabandua karatasi yote ya fedha akaibandika upya, ati labda aliigeuza. Wapi! Miche ilimtazama na majani yake ya kombokombo, naye akaitazama, na katika hao hakuna aliyemwelewa mwenzake.

"Bibie, magugu yako yanasemaje leo?" Otakar humwuliza wakati wa chakula cha mchana. Tangu ujana wao humwita bibie, na tangu ujana wao hajawahi kumjibu jambo lolote sawasawa. Siku ya ndoa, msajili alipomwuliza kama anamkubali huyu mwanamke, alisema yeye kaja kumsindikiza rafiki tu. Ukumbi ukaangua kicheko, mama mkwe akataka kuzimia. Ndivyo alivyo. Sharubu za upande wa kushoto humnyanyuka kwanza, ndipo ujue anakuchezea.

"Yanasema yamechoka kukuona."

"Nami nimeyachoka. Leo niko zamu gani?"

"Zamu ya kulala."

"Mungu ampe nguvu aliyeipanga," Otakar akasema, akaenda zake kujinyoosha kitandani.

Kila siku baada ya chakula cha mchana ndivyo ilivyokuwa: Otakar analala, Draha anavaa viatu na kushuka kwa Jarmila kucheza karata. Utani wa Otakar nao ulikuwa umekolea mwaka huo. Alitia chumvi kwenye kahawa, akasema anampima bibie kama yuko macho. Ndara zake zilikutwa kwenye friji, akasema anazipooza, miguu inawaka moto. Draha aliwasimulia wenzake kwenye karata, wakacheka mpaka machozi. Mwanamume mwingine akistaafu ananuna tu, wa kwake anazidi kuwa mtoto.

Basi siku moja, karata zikiwa mkononi, uvumilivu ukamwisha. "Jarmila, niambie ukweli. Zile mbegu ulizonipa ni nzima?"

Jarmila akaweka karata mezani. "Unasemaje?"

"Nauliza tu. Zako zimechanua, zangu hazichanui. Na wote tunajua nani hapendi kuona kopo la mwenzake linasifiwa pale klabu ya wazee."

"Ebo! Mimi? Mimi niliyempakulia mumeo supu miaka yote hiyo nikimtafutia vipande vya nyama? Inuka. Inuka twende nikazione hizo mbegu mbovu!"

"Sasa hivi kabatini ni giza, hakufunguliwi."

"Basi nakuja jioni, na uniandalie bia ya kuniombea radhi."

Jioni akapanda kweli. Akavua viatu mlangoni, akaweka miwani puani, akasubiri taa iwake ndipo kabati lifunguliwe. Alipindua jani hili, akanusa lile. Hasira ikamtoka usoni.

"Draha, miche yako haina ugonjwa," akasema. "Inafunguliwa mchana. Hivi vinywele vinaanza, mwanga unaingia, vinakufa. Tena si mara moja. Kuna mtu anaifungua."

"Nani? Tunaishi wawili, na mmoja mchana analala."

"Basi mwulize huyo anayelala."

Draha akapiga paja. Mungu wangu, Otakar! Si utani huo? Mzee anamwona mkewe anahangaika, anabandua na kubandika, naye mchana anaamka kimya kimya, anafungua mlango, anacheka peke yake, anarudi kitandani. Ndiyo maana anauliza habari za magugu kila siku! Jarmila alicheka mpaka bia ikampalia. Draha naye alicheka, lakini moyoni alikuwa amechukia. Hii ilikuwa dawa yake mwenyewe. Utani mwingine ni kukata tawi ulilolikalia.

Kesho yake akamtegea. Wakala, akaosha vyombo, akaaga kwa sauti: "Nakwenda kwenye karata!" Akafungua mlango wa nje, akaufunga akiwa bado ndani, akajibanza jikoni, viatu mkononi. Alikwisha kuyapanga maneno. Atamwambia, mzee mzima hovyo, vidole vyako hivyo vikikatika usinililie.

Hakukaa sana. Kitanda kikalia. Otakar akatoka chumbani amevaa kofia yake ya sufu na suruali ya pajama, begani ametundika mkoba wa zamani wa kazini. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kabati. Vidole vikahangaika na kitasa, mara ya kwanza vikateleza, mara ya pili pia, naye akiguna kwa maumivu, mpaka mlango ukafunguka na mwanga wote wa dirisha la ukumbini ukaingia ndani. Akaanza kuisogeza miche, mmoja kushoto, mwingine kulia, taratibu, kama mtu anayesogeza nguo zilizotundikwa apate ya kwake.

Draha akatoka. "Nimekukamata, mzee!"

Otakar akageuka. Alikuwa na haya, lakini si haya ya mtu aliyefumaniwa. "Samahani, mama," akasema kwa adabu, kama anaongea na mgeni. "Sijui nani kahamisha koti langu. Jana pia halikuwepo. Basi la zamu ya mchana litaniacha, na mwenzangu Evžen ananingoja kituoni."

Draha akangoja sharubu zinyanyuke. Alingoja, akangoja.

"Acha utani, Otakar."

"Utani gani?" Sasa alikuwa anakasirika. "Nimekwambia Evžen ananingoja!"

"Evžen amekufa," Draha akasema. Yalimtoka kabla hajayafikiri. "Tulimzika sote. Wewe ulibeba jeneza."

Uso wa Otakar ulibadilika pale pale. Aliipokea habari ile kama inamfikia leo. Akavua kofia, akaketi juu ya kijisanduku cha viatu, mkoba bado begani, akasema, "Evžen? Hivi kweli? Jamani, na mkewe anajua?"

Draha alitamani aumeze ulimi wake. Alipiga magoti, akaufungua ule mkoba ili ampunguzie uzito tu, akakuta vipande vya mkate vimefungwa vizuri kwenye gazeti, kimoja juu ya kingine, vya tangu siku zile zote. Vingine vimeshaota ukungu.

Mchana ule hakushuka kwa Jarmila. Otakar alipolala, alikaa jikoni akizipekua siku zilizopita kama mtu anayepekua mifuko kabla ya kufua. Chumvi kwenye kahawa, ule ulikuwa utani? Ndara kwenye friji je? "Leo niko zamu gani?" Alicheka! Kila mara alicheka, akashuka chini akawasimulia watu, wakacheka. Labda mengine yalikuwa utani kweli, maana mtu hawezi kupotea mzima mzima kwa mara moja. Lakini yapi? Akijaribu kuyatenga, haya huku na haya kule, yanamrudia yote yamechanganyika. Alilia kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua ni ya nani.

Asubuhi akachukua ufunguo akashuka stoo, chini kabisa ya jengo, kila nyumba na chumba chake cha wavu. Koti lilikuwa nyuma ya mitungi ya matango, ndani ya mfuko, alikolitupia mwenyewe siku alipolikomba kabati. Akalipiga vumbi. Akapigilia msumari ukutani, kando ya mlango wa kabati, akalitundika hapo.

Baada ya chakula Otakar akatoka chumbani na kofia na mkoba. Akaliona koti. "Ah! Hili hapa," akasema, akalivaa. Vifungo vikamshinda. Draha akaja akamfunga kimoja kimoja mpaka shingoni, akavaa na yeye viatu, wakashuka kwa lifti hadi kwenye benchi la kituo. Basi la mgodi halipiti tena pale, mgodi wenyewe umefungwa. Wakakaa.

"Limechelewa," Otakar akasema hatimaye.

"Labda leo zamu imefutwa."

"Basi turudi. Baridi."

Ikawa hivyo kila siku. Watu wa jengo wakazoea kuwaona. Jarmila naye akawa anashuka na karata zake, wanacheza pale pale benchini, anamwibia Otakar waziwazi na Otakar anamtukana kama zamani za kantini. Kabati likabaki limefungwa. Na ile mibangi, iliyokuwa haijui kama ni masika au kiangazi, ikatulia. Vinywele vikaja, vikabaki. Maua yakajaa, yakanata, harufu ikapenya hadi kwenye lifti, bwana wa ghorofa ya saba akauliza kwa sauti ni nani anayefuga beberu.

Draha alikata, akakausha, akachemsha na mafuta ya nguruwe kwa moto mdogo, dirisha wazi, akachuja kwa kitambaa safi. Makopo yakapoa, mafuta yakaganda rangi ya kijani. Akachukua la kwanza, akamkalisha Otakar karibu na dirisha, akaanza na mkono wa kulia, kidole kimoja kimoja, akikanda pale kwenye viungo vilivyovimba. Otakar akafumba macho. Mabega yakamshuka. Kidole cha shahada, ambacho mwaka mzima hakikunyooka, kikanyooka kidogo.

"Una mikono mizuri, mama," akasema.

"Asante, mzee."

"Mke wangu naye hutengeneza mafuta kama haya."

Mikono ya Draha ikasimama. Kisha akauliza, "Na ya nani mazuri zaidi?"

Otakar akafikiri kwa makini, macho bado ameyafumba. "Ya kwake," akasema. "Lakini usimwambie nimesema hivyo. Atavimba kichwa."

Draha akayainua macho, akazitazama sharubu za upande wa kushoto. Zilitikisika kidogo, au labda ilikuwa pumzi tu. Alizitazama muda mrefu, hakuweza kujua.

"Sitamwambia," akasema, akachota mafuta mengine, akahamia mkono wa pili.