Natetemeka na Nasema

Wenzake walimwita Pasi, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja hakuwa na kazi nyingine ila kusimama mbele ya mashine kubwa ya kunyoosha mashuka. Kilikuwa kiwanda cha kufulia, mashuka ya hoteli na ya hospitali yakiingia kwa malori na kutoka kwa malori. Mashine yake ilikuwa na roli mbili ndefu za chuma cha moto. Shuka liliingia bichi upande huu, likatokea upande wa pili kavu na limenyooka. Mbele ya roli hizo palikuwa na upau mwembamba wa usalama. Ukiguswa tu na kidole, mashine inasimama papo hapo.

Tatizo ni kwamba upau ule ulisimamisha mashine hata shuka lilipojikunja kidogo, na kuiwasha tena kulichukua dakika nzima. Msimamizi wa zamu, mtu asiye na subira hata na chai ya moto, akachoka. Jumatatu moja asubuhi akamwita fundi na kumwamuru aufunge upau kwa waya usicheze tena. Pasi alikuwa hatua mbili kutoka pale, kapu la mashuka mikononi.

"Bosi, huo ndio unaotulindia mikono," alisema.

"Mikono yako ilinde mwenyewe," msimamizi akajibu bila hata kugeuka.

Alhamisi mashine ikamnasa mwenzake. Huyo walimwita Bi Harusi, kwa kuwa miaka sita tangu aolewe alikuwa hajamaliza kusimulia harusi yake. Mkono wake wa kulia uliingia pamoja na shuka hadi karibu na kiwiko. Pasi alikimbia mpaka kwenye swichi ya ukutani akaizima, kisha akarudi kumshika mwenzake kiunoni asianguke wakati wengine wakizifungua roli. Bi Harusi alipelekwa hospitali. Jioni ile waya haukuwepo tena, na karatasi ikabandikwa mlangoni ikisema ajali imetokana na uzembe wa mfanyakazi.

Kikao cha uchunguzi kilikaa wiki iliyofuata, ofisini kwa meneja. Walikuwepo meneja, msimamizi mwenyewe, na mkaguzi wa usalama kazini, ambaye alikuwa mama mwenye miwani na sauti ndogo. Fundi aliingia kwanza, akasema hakumbuki waya wowote. Kisha Pasi akaitwa.

Alikuwa amejipanga vizuri usiku kucha. Lakini alipokaa tu, mate yakamkauka. Moyo ukaanza kumgonga masikioni, tumbo likajifunga, magoti yakaanza kucheza chini ya meza. Alipewa maji, bilauri ikagongana na meno yake mpaka wote wakasikia.

Msimamizi akacheka kidogo. "Mwangalieni. Mtu anayesema kweli anatetemekea nini?"

Pasi alitafuta sauti yake asiione. Mwishowe akasema, "Sikumbuki vizuri," akatoka.

Nyumbani alimkuta wifi yake, dada wa mumewe, ambaye alikuwa anakaa nao wakati nyumba yake ikiezekwa upya. Wifi alikuwa muuguzi, na nusu ya maisha yake ya kazi aliipitisha katika wodi ya wagonjwa wa akili.

"Kaka yangu kakufanya nini?" aliuliza alipomwona uso. "Sema nimpige sasa hivi."

Pasi akaangua kilio. Akaeleza yote. "Mwili wangu umenisaliti, wifi. Nimemuuza mwenzangu kwa sababu ya magoti."

"Mwili wako ulidhani umekutana na chui. Wenyewe hauwezi kumtofautisha chui na meneja."

"Hata mimi siwezi," Pasi akasema, akacheka huku analia.

Wifi akavuta kiti. Akamweleza kwamba hofu ikiingia, ubongo unapiga kengele ya hatari kabla hata mtu hajamaliza kufikiri. Moyo unasukuma damu kwenye miguu na mikono. Tumbo na mate vinaambiwa vingoje. "Misuli imejazwa nguvu za kukimbia, na wewe umekaa kwenye kiti. Nguvu hizo ziende wapi? Ndiyo mtetemeko huo. Mwongo anatetemeka, mkweli anatetemeka, na kuna waongo wametulia kama maji ya mtungi. Fundi alitetemeka?"

"Hata kidogo."

"Basi!"

"Nipe dawa ya kuuzima, wifi."

"Zipo, na daktari anaweza kukuandikia. Ukitoa pumzi polepole pia inasaidia. Lakini sikudanganyi, bado utatetemeka. Kazi yetu ni wewe kuweza kusema huku unatetemeka."

Pasi akafuta uso. Kitu kilikuwa kimegeuka ndani yake, na hakikuwa huzuni tena. "Yule mtu amenifungia mdomo kwa jasho langu mwenyewe," alisema. "Nifundishe."

Walifanya mazoezi kwenye ngazi za jengo walimoishi. Pasi alipanda mbio ghorofa tatu, na alipofika juu akihema, moyo ukimtoka, wifi akamuuliza: "Uliona nini Jumatatu?" Siku ya kwanza maneno yalimkatika. Siku ya tatu yalitoka, yamepasukapasuka lakini yote. Mumewe alirudi nyumbani akawakuta ngazini wanalowa jasho.

"Nyinyi mna nini?"

"Tunatoa ushahidi," dada yake akamjibu. "Pita ndani, usituzibie njia."

Pasi akamwandikia mkaguzi barua akiomba asikilizwe upya. Kikao kikaitishwa. Chumba kilekile, watu walewale, na magoti yakaanza ngoma yao ileile. Safari hii hakuyaficha. Aliweka mikono juu ya meza, ikitetemeka mbele ya macho yao.

"Kabla sijaanza," alisema, sauti ikiyumba, "naomba muandike kwamba natetemeka, ili mtu asipate taabu ya kuwaonyesha."

Msimamizi akafungua mdomo. Pasi akamgeukia.

"Natetemeka kwa sababu nakuogopa. Nakuogopa kwa sababu unaweza kunifukuza kazi. Ungekuwa huna uwezo huo, ningekuwa nimetulia kama fundi. Sasa niache niseme."

Akasema. Jumatatu, kabla ya chai ya saa nne. Waya mweusi wa umeme, umezungushwa mara tatu upande wa kushoto. Maneno aliyoambiwa kuhusu mikono yake. Mara mbili sauti ilizimika. Mara mbili alisubiri, akatoa pumzi, akaendelea. "Waya mmeuondoa," alimaliza, "lakini rangi ya upau imechubuka. Twendeni mkaone."

Mkaguzi alisimama kwanza. Wakashuka wote, na mama yule akavaa miwani vizuri, akapitisha kidole upande wa kushoto wa upau. Michubuko mitatu, mipya. Fundi alikuwa karibu, alipoulizwa tena akatazama sakafu, akasema, "Niliufunga mimi. Niliamriwa."

Msimamizi alikuwa akifuta paji la uso, kitambaa kimelowa. Meneja akanong'ona, "Mnaona anavyotoka jasho?"

"Jasho lake msiliandike," Pasi akasema kwa nguvu. "Jasho si ushahidi. Andikeni waya."

Karatasi ya uzembe ilibanduliwa. Matibabu ya Bi Harusi yakawa juu ya kiwanda mpaka apone, ingawa vidole viwili havikuweza kukunjika tena. Msimamizi akaondolewa. Na Pasi? Alipewa barua ya kumhamishia sehemu ya kupokea mashuka machafu, "ili apumzike."

Alipanda ofisini na barua hiyo siku ileile.

"Kaa kwanza, utulie," meneja akamwambia alipoona karatasi inavyopepea mkononi mwake.

"Sikai. Nikisimama natetemeka vizuri zaidi." Akaiweka mezani. "Sijaomba kupumzika. Nimesema kweli, na mnanitoa kwenye kazi ninayoijua. Nitamwandikia mkaguzi tena, na safari hii nitaandika kurasa nyingi."

Ilichukua wiki mbili na barua nyingine mbili. Jumatatu ya tatu alirudi kwenye roli zake. Kabla ya kuingiza shuka la kwanza aligusa upau kwa kidole, mashine ikasimama, na zamu nzima ikasimama ikimsubiri aiwashe.